Mwili wa Zimwi

Zimwi halijapata kuonekana na mtu, wala mfupa wake haujafukuliwa na mtaalamu ye yote. Hata hivyo, wazee wetu waliyaeleza maumbile na desturi zake kana kwamba ni jirani wa ng'ambo ya mto. Katika ngano nyingi za Afrika Mashariki, zimwi hujigeuza kijana mtanashati, likaja kuposa. Mbele lina uso wa kupendeza na maneno matamu. Kisogoni, chini ya nywele, limeficha kinywa cha pili. Hula watu, wala halishibi.

Hapana budi tujiulize: kwa nini wahenga waliliumba dubwana hili kwa sura ya mtu? Wako wasemao kwamba walitaka kuwatisha watoto wasitembee usiku. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni fupi. Kwa maoni yangu, walitaka kutufundisha kwamba ubaya hautambulikani kwa uso, kabila wala ukoo, bali kwa tendo la kile kinywa kilichofichwa, yaani uroho. Aliyeposwa haokoki kwa kumchukia kila mgeni. Huokoka kwa kuchunguza.

Wilayani Tarime na Serengeti swali hili si la ngano tu. Huku wanaishi Wakuria, Wangoreme, Waikoma, Wanata na wengineo. Na Wakuria wenyewe wana koo nyingi, tena walikatwa na mpaka wa kikoloni wa mwaka 1886, wengine wakawa upande wa Kenya. Koo hizo zimepata kupigana kwa ajili ya ng'ombe na ardhi. Mimi, mtumishi wa serikali, nimeketi katika vikao vya suluhu nikiandika maneno ya pande mbili. Kila upande uliueleza wa pili kama zimwi: hawana huruma, hawashibi, ndivyo walivyozaliwa. Usiku nilipoyasoma maandishi yangu, niliona kwamba ningebadilisha majina, shauri lingebaki lile lile. Niliona na jambo jingine: maneno ya ukoo wangu niliyaandika kwa ukamilifu, ya wenzetu kwa mkato.

Jirani zetu Wasukuma husimulia habari za Masala Kulangwa, aliyelipasua tumbo la Shing'weng'we, watu waliomezwa wakatoka wazima. Lakini kisu chake kilimkata sikio bibi kizee mmoja, naye akakasirika. Ngano haikumficha bibi huyo ili kumtukuza shujaa. Hata mwenye haki huweza kuwa na deni.

Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alitaka yatafutwe yaliyo bora katika mila za makabila yote. Basi na zimwi tulihifadhi, ila tulisimulie sawasawa: kabla ya kumchungulia jirani kisogoni, kila mmoja na apapase kisogo chake mwenyewe.