Mtihani huo ni wa nani?

Kila tukizika kijana hapa Mkuyuni, msemaji husimama na kutuambia kwamba huu ni mtihani wa Mwenyezi Mungu. Siyakatai maneno hayo. Kurani, katika Sura ya al-Baqara, inataja hofu, njaa na upungufu wa mali, wa watu na wa matunda kuwa ni mambo ambayo waja watajaribiwa kwayo, na kijiji kinachoishi kwa ndizi na mananasi kinaielewa upesi habari ya matunda. Kinachonisumbua ni kwamba macho yote humgeukia mfiwa. Yeye ndiye mtahiniwa: atasubiri au atakufuru?

Kupima ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Nilikuwa fundi sanifu katika maabara ya uhandisi ya chuo kikuu, Dar es Salaam, na miongoni mwa vitu vilivyopita mikononi mwangu ni singa za mkonge, kama zile za mashamba ya Tungi pale Morogoro. Unachukua singa moja, unagandisha ncha zake kwenye kipande cha karatasi ngumu kilichotobolewa dirisha katikati. Karatasi inabanwa kwenye meno ya mashine, juu na chini. Kisha kwa mkasi mdogo unakata kingo zake mbili, ili mzigo wote uiangukie singa peke yake. Mashine inavuta polepole, namba zinapanda, halafu tik! Unaandika namba, unatupa vipande, unachukua nyingine.

Mhandisi anafanya hivyo kwa sababu hajui. Nguvu ya singa haijulikani mpaka ikatike, na ikishakatika haimfai tena. Faida ni ya zilizobaki. Siku moja tukitoka matangani mpwa wangu aliniuliza, "Mjomba, ina maana Mungu naye anatukata ili ajue?" Nikamwambia hapana, aliyetuumba anatujua bila mashine. Masheikh wanalo jibu lao: mtihani humwonyesha mja nafsi yake. Ni jibu zuri kwa aliyefilisika akainuka. Lakini mama aliyemzika mwanawe wa pekee, ajifunze nini juu ya nafsi yake kitakacholingana na thamani ya mtoto yule?

Maabara pia ilinizuia kumlaumu aliyekatika. Zaidi ya miaka 500 iliyopita Leonardo da Vinci alieleza jinsi ya kutundika kikapu kwenye waya wa chuma, ukakimiminia mchanga mpaka waya ukatike, kisha ukarudia kwa waya mfupi zaidi. Mwaka 1921 Mwingereza A. A. Griffith, akitumia vioo, alionyesha kwamba kitu hukatikia penye ufa, hata usioonekana kwa macho. Singa ndefu hukatika mapema kuliko fupi kwa kuwa katika urefu wake kasoro ina nafasi zaidi ya kujificha. Na kasoro hiyo singa haikujitakia.

Lakini hakuna anayejenga kwa singa moja. Wasomi wa chuo hicho cha Dar es Salaam kama Elifas Bisanda, aliyekuja kuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, na Leonard Mwaikambo walishirikiana na Martin Ansell wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, kutafiti jinsi ya kushikanisha singa na gundi ngumu ya plastiki. Miongoni mwa makala zao ni za mwaka 1991 na 2002. Ugumu uko kwenye maungano. Singa inapenda maji, gundi inayakataa, na juu ya singa kuna nta. Dawa mojawapo ni kuilowesha kwenye kostiki, ile ile ya watengeneza sabuni, iondoe nta na kuacha uso wenye mikwaruzo ili gundi ishike. Kostiki ikizidi, inaila singa yenyewe.

Ikishika, hutokea jambo ambalo sikuwahi kulizoea. Singa moja ikikatika ndani ya gundi, bamba zima la singa na gundi halikatiki. Gundi inaupokea mzigo penye pengo na kuugawia singa za jirani. Tena ile iliyokatika, mbele kidogo ya pengo, inaanza kubeba upya. Haikuungwa, pengo lake lipo vilevile. Imeshikwa tu kwa urefu wa kutosha. Isiposhikwa vizuri, inachomoka.

Kwa hiyo naona msiba unapompiga mtu, tunaopimwa ni sisi tuliomzunguka. Sisi Waluguru tunahesabu ukoo kwa mama, na mjomba hana njia ya kusema mtoto wa dada yake hamhusu. Hiyo ni gundi ya kweli. Lakini nta nayo ipo: kesi za mashamba, maneno ya uchaguzi, deni la zamani. Mazikoni tunajaa, na arobaini ikipita mlango wa mfiwa haubishwi hodi.

Mtu ataniuliza: basi Mungu anamkata mmoja ili awapime wengine? Sisemi hivyo. Kwa nini amekatika huyu na si yule, hilo analijua Yeye. Ninalosema ni kwamba mtihani ule una watahiniwa wengi, na mwenye kulia si wa kwanza kusahihishwa. Nikipewa nafasi ya kuzungumza msibani, huwaomba ndugu na majirani waache kumhimiza mama asubiri. Wapange nani atampalilia mananasi, na nani atayafikisha mjini yakiiva.