Nilimlilia Rocky, na Ndugu Yangu Je?

Nairobi, ukikutana na mwanamume mara ya kwanza, swali la jina hufuatwa na swali la timu. Kinyozi atakuuliza. Makanga atakuuliza. Baba ya mpenzi wako atakuuliza huku akikupima kwa macho. Mimi sina timu. Niliwahi kujaribu kudanganya, nikasema Arsenal kwa sababu ndilo jina lililofika mdomoni kwanza. Nikaulizwa nina maoni gani kuhusu beki wa kushoto, na uongo ukaishia hapo.

Sipendi michezo. Jumamosi jioni, mtaa mzima unapojazana kwenye vibanda vya kuonyesha mpira, mimi hujifungia na kitabu. Halafu nimeona rafiki akiweka pesa za kodi ya nyumba kwenye kamari ya mechi na kuzipoteza zote kabla ya kipenga cha mwisho, kwa hivyo chuki yangu ilikuwa hata na hoja ya kuisimamia.

Basi nieleze ni kwa nini mwaka jana, karibu saa sita usiku, nililia kwa sababu ya bondia.

Filamu yenyewe ilikuwa Rocky, ya mwaka 1976. Sikuichagua. Stima zilikuwa zimepotea, intaneti nayo ikaenda, na kwenye laptopu ya ndugu yangu mdogo, iliyokuwa bado na chaji, hiyo ndiyo ilikuwa filamu pekee ambayo sikuwa nimeitazama. Yeye alikaa kando yangu kwa sababu kioo cha laptopu ndicho kilichokuwa mwanga wa nyumba. Ilipofika mwisho nikajifuta macho haraka, lakini giza halikunisaidia.

"Manze, unalia?"

"Ni moshi wa mshumaa."

"Hatujawasha mshumaa."

Akacheka. Kisha akanyamaza kidogo, akasema bila hasira, akitazama kioo: "Huyo msee hata hayuko. Ni wa kutungwa. Mimi niko, na miaka tatu hujawahi kuja mechi hata moja."

Ndugu yangu ni kipa. Anaidakia timu ya mtaa wetu kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya soko. Usiku huo sikuwa na la kumjibu, na tangu hapo nimekuwa nikilitafuta jibu.

Jibu ambalo watu hulitoa haraka ni kwamba filamu kama hizi hazihusu michezo, zinahusu maisha. Sikubaliani nalo. Hebu ondoa ulingo kwenye Rocky uone kinachobaki. Utabaki na mwanamume wa Philadelphia anayemkusanyia shailoki madeni, anayefuga kobe wawili, na anayempenda dada mwenye haya anayefanya kazi kwenye duka la wanyama. Ni mtu wa kupendeza, lakini angeweza kuishi hivyo hadi uzeeni bila kulazimika kujua yeye ni nani. Maisha hayana kengele. Ukishindwa kazini unaweza kumlaumu bosi, ukishindwa kwenye mapenzi unaweza kusema hukuwa umependa sana. Mchezo una mwanzo, una mwisho, na una watu wanaokuona. Filamu inauhitaji mchezo kwa sababu hiyo.

Nadhani tofauti iko mahali pengine. Sisi tusiopenda michezo tukiwekwa mbele ya mechi tunaona matokeo tu. Goli limeingia, watu wameruka, chupa zimemwagika. Hatujui goli hilo limemgharimu nani nini. Shabiki anajua. Anajua mfungaji huyo alikuwa benchi miezi sita, anajua kocha alitaka kumuuza, anajua mara ya mwisho timu hizi zilipokutana nini kilitokea. Amebeba hadithi nzima kichwani, na goli linapoingia linaangukia juu ya hadithi hiyo. Mimi nikiketi kando yake ninatazama mechi ile ile, lakini mimi ninaona mpira na yeye anaona watu. Filamu humpa mgeni kama mimi, kwa saa mbili, kile ambacho shabiki amekikusanya kwa miaka.

Tazama inavyofanywa. Usiku wa kuamkia pigano, Rocky anarudi nyumbani, anajilaza karibu na Adrian na kukiri kwamba hawezi kumshinda Apollo Creed. Anataka kitu kimoja tu: kuwa bado amesimama kengele ya raundi ya 15 itakapolia, kwa sababu hakuna aliyewahi kufika huko na Creed. Akifika, atajua kwamba yeye si takataka tu ya mtaa wao. Baada ya maneno hayo sihitaji tena kujua pointi za ndondi huhesabiwaje. Nimepewa kipimo changu. Kila anapoanguka nauliza swali moja ambalo hata mtoto angeuliza: atainuka? Na mwishowe, majaji wanapogawanyika na Creed kutangazwa mshindi, tangazo lenyewe halisikiki vizuri. Rocky hasikilizi. Anamwita Adrian. Ndiyo, nilililia pigano ambalo mtu wangu alishindwa.

Hoop Dreams, filamu ya hali halisi ya mwaka 1994, inaenda mbali zaidi. Wapiga picha waliwafuata vijana wawili wa Chicago, William Gates na Arthur Agee, kwa karibu miaka 5, wakiota kucheza katika ligi kuu ya kikapu ya Marekani, NBA. Hakuna aliyefika. Lakini ukiniuliza ushindi mkubwa wa filamu hiyo ni upi, nitakwambia hauko uwanjani. Ni wa Sheila, mama yake Arthur. Tumeshamwona akihangaika na pesa, tumeona nyumba yao ikikatiwa stima. Kisha siku moja anaambiwa kwamba kwenye kozi ya msaidizi wa wauguzi amepata alama za juu kuliko wote darasani. Anashangilia na kulia kama mtu aliyefunga dakika ya mwisho. Hakuna refa wala ubao wa magoli, na bado mtazamaji anaruka naye. Kikapu kilikuwa kimetufunza jinsi ya kutazama, kisha tukamtazama mama kwa macho yale yale.

Hadi hapa ninaonekana kuzisifu filamu hizi. Lakini swali la ndugu yangu halikuwa sifa.

Kuna jambo linalonisumbua. Apollo Creed naye aliamka asubuhi ya pigano. Naye alikuwa na watu waliomwombea. Filamu ingemfuata yeye badala ya Rocky, ningemlilia yeye, na Rocky angekuwa jamaa fulani mwenye ngumi nzito anayetaka kuharibu kazi ya mtu. Au chukua Queen of Katwe ya mwaka 2016, iliyoongozwa na Mira Nair. Nilipoitazama nilitaka Phiona Mutesi, binti wa Katwe kule Kampala, ashinde kila mchezo wa sataranji, na kila alipoinamia ubao nilimfikiria mama yake, aliyechezwa na Lupita Nyong'o, na yote aliyopitia ili wanawe wawe na pa kulala. Lakini ng'ambo ya ubao kulikuwa na mchezaji mwingine. Huyo naye ana mama. Sikumfikiria hata mara moja, kwa sababu hakuna aliyeniambia nimfikirie.

Hoop Dreams ilitolewa kwenye zaidi ya saa 250 za picha, zikakatwa hadi karibu saa 3. Pigano halisi la raundi 15, ukijumlisha na mapumziko, huchukua karibu saa nzima. Kwenye Rocky raundi nyingi hupita kama mabango ya barabarani ukiwa kwenye matatu. Mtu fulani ameketi chumbani akaondoa kila dakika ambayo ningechoka. Ameniwekea muziki niujue wakati wa kuumia. Amenichagulia hata wa kumpenda. Je, hayo machozi ni yangu au ni yake?

Hili si jambo la sinema peke yake. Kila wiki kwenye makundi ya WhatsApp tunatumiwa michango. Nimejichunguza. Yule mgonjwa mwenye picha nzuri na hadithi iliyoandikwa vizuri ninamtumia kitu. Yule ambaye ndugu zake wameandika jina, hospitali na nambari ya kutuma pesa tu, ninampita. Pengine wa pili ndiye mhitaji zaidi, hakuwa tu na mtu wa kumwandikia. Huruma yangu ina mlango, na mlango wenyewe unafunguliwa na msimulizi hodari.

Kwa muda nilidhani hitimisho ni kwamba filamu hizi zinatudanganya. Kilichonibadilisha ni mwisho wa Queen of Katwe. Hadithi ikishaisha, waigizaji wanatokea mmoja mmoja, na kando ya kila mmoja anasimama mtu halisi aliyeigizwa. Wanatazamana, wanatabasamu, wengine wanakumbatiana. Mara ya kwanza nililiona kama pambo. Mara ya pili likanichoma. Watu hawa walikuwepo kabla ya kamera. Kama ningepita Katwe mwaka huo nikiwa na haraka zangu, ningempita yule msichana. Filamu haikumuumba wala haikumpa thamani. Ilikaa naye tu, kwa niaba yangu, muda ambao mimi nisingekaa.

Kwa hivyo sidhani kosa ni la filamu. Kosa linaanza pale ninapofunga laptopu nikiamini kwamba nimeshapenda, hali nimepelekwa tu hadi mlangoni.

Jumapili iliyofuata nilienda uwanjani.

Sitakudanganya, nilichoka. Dakika 20 za kwanza nilitazama simu. Jua lilikuwa kali, vumbi liliingia hadi kwenye meno, na mchezo wenyewe ulikuwa wa kupiga mpira juu na kuufuata. Hakukuwa na muziki wa kuniambia chochote. Kisha nikaamua kuuacha mpira na kumtazama yeye.

Kumbe kipa huongea muda wote. Hata mpira ukiwa upande ule mwingine alikuwa akiwapanga mabeki wake, akiwaita majina, akimwambia mmoja arudi, mwingine atulie. Alichora mstari kwa kisigino kutoka katikati ya lango ili ajue amesimama wapi. Nikaona glavu zake. Ya kulia ilikuwa imeshonwa kidoleni kwa uzi mweusi, na uzi huo niliujua, ulitoka kwenye mkebe wa Mama. Nilikuwa nimemwona akizishona mezani wiki chache kabla. Nilimwambia aondoe uchafu wake, nataka kula.

Walifungwa moja bila. Ilikuwa kona, mpira ukamgonga beki wao wenyewe ukaingia. Kila mtu akawageukia wale wengine waliokuwa wakishangilia. Mimi bado nilikuwa namtazama ndugu yangu, kwa hivyo niliona ambacho wengi hawakukiona: alimwendea yule beki aliyekuwa amekaa chini, akamvuta kwa mikono miwili hadi akasimama, akamwambia kitu sikioni, kisha akaenda kuuokota mpira wavuni.

Ng'ambo ya uwanja, mwanamke mzee mwenye mwavuli alikuwa akiliita jina la kijana aliyeipiga kona ile, tena na tena, kwa sauti iliyokuwa karibu kukatika. Nilikuwa nimemwombea kijana huyo ateleze. Nilimtazama yule mwanamke kwa muda, nikajua kwamba nimechelewa kwa wengi, si kwa mmoja.

Bado sina timu. Mpira bado ni mpira. Lakini ile hoja yangu ya kamari na kelele nimeichunguza tena, nikaona kwamba ilikuwa kweli na bado nilikuwa nikijificha nyuma yake. Kuchukia mchezo ni haki yangu. Kumpita mtu anayeishi chumba kimoja na mimi kwa sababu kile anachokipenda hakinipendezi, sijui niite haki gani.

Tulirudi kwa miguu. Alinipa glavu nimbebee, akavua viatu akatembea na malapa.

"Uliboeka," akasema.

"Sana."

Akacheka, kicheko kile kile cha usiku wa giza. Tulipofika kona ya kwetu akaniambia Jumapili ijayo wanacheza Dandora.

"Saa ngapi?" nikamuuliza.