Tusiwaue Watoto kwa Kuogopa Umaskini

Kurani Tukufu yawakataza wazazi kuwaua watoto wao kwa kuogopa umaskini. Huenda ukasema: "Nani leo afanyaye hayo?" Tafadhali ngoja kidogo.

Katika mtaa wa Owino Uhuru, mjini Mombasa, kiwanda kimoja kiliyeyusha betri kuukuu za magari kuanzia mwaka 2007 hadi 2014 ili kupata madini ya risasi. Watu walihitaji kazi, na kazi ilikuwapo. Lakini moshi na vumbi viliingia majumbani, na risasi ikaonekana katika damu ya watoto. Bibi Phyllis Omido, aliyeajiriwa kiwandani humo, alikuta mwanawe mchanga amedhurika. Hakunyamaza. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikawapa ushindi.

Mwili wa mtoto huifyonza sumu hii mara 4 hadi 5 kuliko wa mtu mzima. Huharibu ubongo, na Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi chake kijulikanacho kuwa salama. Mtoto huwa mzito wa kujifunza, kisha huadhibiwa kwa uvivu asio nao!

Wengine husema: "Ni majaliwa ya Mungu." La! Mtume Muhammad (s.a.w.) alifundisha kwamba kuondoa chenye kuudhi njiani ni sehemu ya imani. Ikiwa mwiba wa njiani ni hivyo, je, sumu iliyomo chumbani alalamo mwanao?

Basi betri zisivunjwe wala kuyeyushwa uani. Baba afanyaye kazi hiyo avue nguo zake na kuoga kabla ya kumpakata mtoto. Rangi kuukuu inayobanduka isikwanguliwe kavu, na vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi. Watoto wanawe mikono kabla ya kula. Na anayeshukiwa kudhurika apelekwe hospitali apimwe damu.

Riziki yatoka kwa Mwenyezi Mungu, nasi tumeamrishwa kuitafuta. Lakini mkate unaoletwa pamoja na sumu hauwezi kuwa udhuru wetu mbele Yake. Mtoto ni amana, naye Mwenye amana ataiulizia. Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuitunza. Amin.