Mchanga Mweusi wa Upare

Mvua kubwa ikinyesha Upare, vijito hushuka na mchanga, na pale maji yanapopunguza kasi hubaki michirizi myeusi. Ukiusogezea sumaku, mchanga huo huirukia, kwa sababu ni madini ya chuma. Miamba ya milima hii, sehemu ya Tao la Mashariki, ina umri wa zaidi ya miaka milioni 500. Jua na mvua huimega punje kwa punje, maji yakachukua nyepesi na kuacha nzito. Muumba alikwisha kuchekecha kabla mwanadamu hajanyoosha mkono.

Wahunzi wa ukoo wa Washana waliijua siri hiyo. Waliutia mchanga tanuruni pamoja na makaa, wakavukuta mpaka joto likapita nyuzi 1,100. Makaa yalitoa joto na, zaidi ya hapo, yaliyapokonya madini oksijeni yake ili chuma kibaki peke yake. Nani aliwafundisha kemia hiyo? Kipimajoto hawakuwa nacho. Walisoma rangi ya moto. Chuma chao kilifika hadi kwa Wachagga.

Kilipoingia chuma cha Ulaya kwa bei rahisi, matanuri yalizimika. Mhunzi wa leo hufua springi za magari mabovu, na jembe lake ni zuri, sibishi. Ila ule ujuzi wa kutoa chuma mchangani wazee wengi wameondoka nao.

Ufinyanzi, ashukuriwe Mungu, bado upo. Wanawake wa Usangi, huko huko Upare, hufinyanga bila gurudumu. Udongo unakandwa, chungu kinainuliwa kwa vidole, kinasuguliwa mpaka kiwe laini, kisha kinaachwa kikauke taratibu kisije kikapasuka. Hata kikikauka hivyo, bado ni tope: kitumbukize majini, kitaporomoka. Lakini moto ukipita nyuzi 500 hivi, maji yaliyofungwa ndani kabisa ya udongo wenyewe hutoka, na tangu hapo hakirudi kuwa tope kamwe. Udongo umeumbwa na uwezo huo tangu mwanzo, ukingoja mkono wa mtu na kuni.

Basi wewe mwenye bibi mfinyanzi kijijini, likizo ijayo nenda na simu yako umrekodi. Muulize udongo anauchimba wapi na anajuaje kwamba chungu kimeiva. Na ukimkuta mwingine sokoni, nunua chungu chake, wala usimlalie bei.