Buibui wa Nyumbani: Je, Twamdai Nini, Naye Atudai Nini?

Katika nyumba nyingi za Kanazi, Jumamosi ndiyo siku ya kufagia kwa bidii. Mtoto hupewa ufagio uliofungwa katika mti mrefu, akaambiwa aondoe tando zote za buibui, za darini, za pembeni na za barazani pia; na buibui akianguka chini hukanyagwa. Hapana aulizaye sababu. Tangu utoto tumesikia ya kwamba nyumba yenye tando ni nyumba ya mvivu, na mgeni akiuona utando juu ya mlango humwonea haya mwenye nyumba. Mafundisho hayo ni mema, wala hatutaki kuyapinga. Lakini limo swali ndani yake ambalo wachache huliuliza: kuuondoa utando, na kumwua yule aliyeufuma, ni jambo moja au ni mawili?

Wako wanaomtetea buibui kwa faida yake. Husema, Mwacheni, maana hula nzi na mbu. Nao wana ushahidi. Kando ya Ziwa Viktoria, katika nchi za Kenya na Uganda, yuko buibui mdogo asiyetega wavu, bali hunyemelea na kurukia kama paka. Mwaka 2003 wataalamu walimpa jina la Evarcha culicivora, ambalo neno lake la pili maana yake ni mla mbu. Na mwaka 2005 walitangaza ya kwamba huchagua hasa mbu jike aliyekwisha kunywa damu. Hukaa katika mashina ya miti na katika kuta za nyumba. Basi buibui huyu huipata damu ya wanyama na watu bila kumwuma mtu hata mmoja! Sisi twaishi kando ya ziwa lilo hilo, ingawa hatuwezi kusema kwamba kila kijibuibui kirukacho ukutani petu ndiye yeye.

Hata hivyo, twaona ya kuwa utetezi huo ni dhaifu. Buibui hakuajiriwa na mtu. Wavu wake hunasa mbu, nao hunasa nyuki vilevile, yule atembeleaye maua ya mibuni yetu. Naye huwala wote wawili bila kuuliza nani adui yetu na nani rafiki. Tena mtu asemaye, Mwacheni kwa kuwa anafaa, amekwisha kukubali ya kwamba asipofaa auawe. Hesabu ya namna hiyo ikizoeleka moyoni haikai kwa buibui peke yake. Huenda kwa ng'ombe aliyekauka maziwa, kisha kwa mbwa mzee, na mwisho twaisikia ikinong'onwa juu ya bibi asiyeweza tena kushika jembe. Hatusemi buibui na bibi ni sawa. Asidhani hivyo msomaji. Twasema kwamba moyo unaohesabu ni ule ule mmoja.

Je, twamdai buibui kazi? Hapana. Je, atudai shukrani? Wala hiyo, kwa kuwa hakukusudia kutufaa. Lakini liko deni dogo lisilotegemea faida wala shukrani, nalo ni hili: tusiondoe uhai pasipo sababu. Na sababu nazo zina uzito mbalimbali. Kuondoa utando huhitaji sababu nyepesi tu, kwa maana ni kazi ya usiku mmoja; tena wako buibui wengi wafumao mviringo ambao huula wavu wao wenyewe na kuufuma upya. Na zile tando nyeusi za jikoni zilizojaa masizi, mara nyingi mwenyewe amekwisha kuhama zamani. Fagieni bila wasiwasi. Uhai wenyewe ndio unaotaka sababu nzito zaidi.

Na sababu nzito zipo, wala hapa hatutaki maneno matamu. Wilayani Muleba, kwa jirani zetu, kazi ya kupulizia kuta dawa ya kuua mbu ilianza mwaka 2007. Ilipofika mwaka 2011 ilionekana ya kwamba mbu wa huko wamekuwa sugu kwa dawa za jamii ile. Baadaye vikajaribiwa huko huko vyandarua vyenye dawa ya pili, iliyowekwa ili kuvunja usugu huo, na mwaka 2018 ikatangazwa ya kwamba vimewakinga watoto na malaria kuliko vile vya kawaida. Basi dawa ya ukutani haimchagui mbu peke yake; buibui naye hufa. Je, tumzuie mpuliziaji mlangoni? Hasha! Aliyekesha na mtoto mwenye degedege hawezi kuuliza swali hilo mara mbili. Na yule asemaye, Mimi nina buibui, sina haja ya chandarua, amemtwika buibui mzigo asioweza kuubeba. Buibui akishiba hutulia, na mbu hupita.

Wengine wataleta Maandiko. Ni kweli ya kwamba Ayubu na Isaya huutaja utando kuwa mfano wa tumaini lisilo na nguvu. Lakini walimkemea mtu anayetegemea utando kama nyumba, au autakaye uwe nguo; hawakumkemea buibui, ambaye hutaka uwe wavu tu, na kwa kazi hiyo unatosha sana. Tena katika Mithali yumo mnyama mdogo akaaye majumbani mwa wafalme: Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 humwita buibui, na Biblia yetu ya Kiswahili humwita mjusi. Wenye elimu ya Kiebrania na waamue. Sisi twajua tu ya kwamba hapa Kanazi, ambapo Mukama Kahigi wa Kihanja alikuwa na jumba lake, hapakuwa na mlinzi wa kuwazuia wote wawili.

Liko na jambo la hofu. Karibu buibui wote wana sumu ya kuulia mawindo yao, lakini wanaoweza kumdhuru mtu ni wachache. Kwa hiyo mtoto asizoezwe kumshika kwa mkono. Azoezwe kumfunika kwa kikombe, kuingiza chini yake kipande cha jani la mgomba, na kumtoa nje mpaka migombani. Kazi hiyo yapita upesi kama kukanyaga. Ila aliyezoea kukanyaga alaumiwe polepole, maana alifundishwa na sisi wakubwa.

Chumbani na juu ya chungu, basi, utando uondoke. Nyuma ya nyumba, chini ya mapaa na katika kibanja, hatuoni sababu ya ufagio kufika. Palipobaki ni barazani penye taa. Huko wadudu huja usiku kwa ajili ya mwanga, na buibui huja kwa ajili ya wadudu, na asubuhi mabawa yao yamejaa juu ya kiti cha mgeni. Akina mama wataka pafagiwe kila siku. Wazee wengine husema kiti na kisogezwe. Hapo sisi wenyewe hatujapatana.