Ushungi na Hiari

Vazi ni stara ya mwili, lakini kazi yake haikuishia hapo hata siku moja. Hutangaza umri wa mtu, kazi yake, dini yake na cheo chake kabla hajafumbua kinywa. Kwa hiyo watu wanapogombana juu ya kitambaa cha kichwani, aghalabu hawagombani juu ya kitambaa. Hugombania haki ya kuamua mwenye kichwa ahesabiwe kuwa nani.

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi, nilipotoka chuo cha ualimu, nilipewa zamu ya kusimama langoni asubuhi na kukagua sare. Kanuni za shule ile zilikataza kufunika kichwa. Msichana mmoja alikuja na mtandio mweupe, nikamwamuru auvue. Aliuvua bila neno, akaukunja, akautia mkobani. Kabla ya siku ile yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinua mkono kila nilipouliza swali. Baada yake hakuinua tena. Alihamia dawati la nyuma karibu na ukuta, na mara kwa mara kiganja chake kilipanda kichwani kana kwamba kilitafuta kitu kilichopotea.

Lakini alikuwako mwingine. Huyu alifika kila asubuhi amejifunika vizuri, akauvua mtandio mwenyewe kabla sijasema, akaingia darasani akicheka. Jioni aliurudisha kichwani penye pembe ya ukuta. Siku moja alinieleza kwamba nyumbani hakupata kuulizwa kama anautaka. Kaka yake mkubwa ndiye aliyeamua, na kaka yake alikuwa na mkono mzito. Kanuni iliyokuwa kifungo kwa mwenzake, kwake ilikuwa dirisha. Kama ningalikutana na mmoja tu kati ya wasichana hawa, leo ningaliandika insha nyepesi.

Wengi hudhani kwamba katika pwani yetu ushungi ulikuwa alama ya unyonge wa mwanamke tangu kale. Historia haikubali jambo hili kwa urahisi. Zamani za utumwa, kujifunika kulikuwa heshima ya waungwana. Huko Lamu mwanamke mwungwana alipotoka nje alitembea ndani ya shiraa, pazia la kitambaa lililochukuliwa na watumwa wake, na mjakazi hakuwa na ruhusa ya kujisitiri kama bibi yake. Nguo ya mjakazi ilikuwa kaniki, na kichwa chake kilikuwa wazi kwa macho ya kila mpita njia. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Wanawake waliotoka katika minyororo ile hawakufanya haraka ya kuvua; walifanya haraka ya kuvaa. Walinunua kanga, wakajitanda, na katika miaka iliyofuata buibui jeusi likaenea mijini, likawasitiri mjukuu wa bwana na mjukuu wa mtumwa kwa rangi moja. Kwao kujifunika kulikuwa njia ya kusema, "Mimi si mali ya mtu." Kwamba buibui hilo hilo liliweza baadaye kuwa kamba mkononi mwa mume mkali, sikatai. Kitambaa hakina nia. Nia ni ya mkono unaokishika.

Mkono wenyewe ukiwa wa serikali, mambo huwa mazito zaidi. Huko Iran, mwaka 1936, Reza Shah alipiga marufuku vazi la kujifunika kwa jina la maendeleo. Askari waliwavua wanawake barabarani, na wako waliojifungia nyumbani kuliko kutoka kichwa wazi. Yakaja mapinduzi ya mwaka 1979, amri ikageuzwa juu chini, na kufika mwaka 1983 sheria ilikuwa ikimwadhibu mwanamke asiyejifunika. Bibi alivuliwa na askari. Mjukuu akavishwa na askari. Mwezi wa Septemba mwaka 2022, Mahsa Amini, kijana wa miaka 22, alikamatwa mjini Tehran na polisi wa maadili kwa ajili ya mavazi yake, akafariki hospitalini siku chache baadaye akiwa chini ya mamlaka yao. Wanawake wakamiminika barabarani, na wengine wakaitia moto mitandio yao.

Ufaransa nayo, kwa sheria ya mwaka 2004, ilikataza katika shule za umma alama za dini zinazoonekana waziwazi, ushungi ukiwa miongoni mwake. Waliotetea sheria ile walisema kwamba wako wasichana wanaolazimishwa na jamaa zao, na kwamba shule haina budi kuwakinga. Siwezi kuicheka hoja hii, kwa sababu nilimwona msichana wa aina hiyo kwa macho yangu. Hata hivyo nauliza: je, kanuni ya langoni ilimwuliza yeye anataka nini? Haikumwuliza. Ilikutana na matakwa yake kwa bahati. Mchana alikuwa chini ya amri ya shule, na jioni chini ya amri ya kaka yake, na bei ya faraja yake ililipwa na mwenzake aliyekaa karibu na ukuta.

Husemwa pia kwamba hiari ya binti aliyelelewa katika ushungi si hiari, maana amezoeshwa. Lakini nani asiyezoeshwa? Mimi huvaa tai shingoni katika jua la saa saba mchana, wala sikumbuki siku niliyoichagua. Nionavyo, hiari haipimwi kwa mahali ilipotoka, bali kwa yatakayompata mtu siku atakapobadili nia. Mwenye kujifunika akitaka kuvua, atapigwa? Asiyejifunika akitaka kuvaa, atafukuzwa? Hata muumini asemaye kwamba kujifunika ni amri ya Mungu wala si shauri lake, angali anahitaji nafasi ya kutii yeye mwenyewe. Ibada iliyopatikana kwa fimbo ni ya mwenye fimbo.

Kipimo hiki hakiwahusu Waislamu peke yao. Mwezi wa Novemba mwaka 2014, wanawake wa Nairobi waliandamana wakidai kwamba mavazi yao ni hiari yao, baada ya kundi la wanaume kumvua nguo mwanamke hadharani kwa kisingizio kwamba sketi yake ilikuwa fupi. Wanaume wale walijiita walinzi wa adabu.

Sare ya shule naiheshimu. Huuficha umaskini wa mmoja na utajiri wa mwingine, na hilo si jambo dogo. Lakini sijaona bado mtandio wa rangi ya sare ukimzuia mtoto kujua hesabu. Kifungu cha 32 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinalinda uhuru wa dhamiri na wa dini. Katika kesi iliyotoka Isiolo, Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 2016 kwamba wasichana Waislamu waruhusiwe kuvaa hijabu pamoja na sare. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikaitangua hukumu ile, kwa sababu ombi lilikuwa limeletwa kwa njia isiyo halali katika utaratibu wa mahakama.

Kama ningalikuwa na uwezo, ningaliiondoa kanuni ya lango lile, nami najua kwamba kwa kufanya hivyo ningalimnyang'anya yule wa pili dirisha lake. Alichohitaji ni mtu mzima wa kwenda kuzungumza na wazee wake, na kumweleza kaka yake waziwazi kwamba mkono wake una mpaka. Nyumba yao ilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka shuleni. Nilipita mbele yake kila jioni mwaka mzima, na sikubisha hodi.