Mcheza Kwao Atunzwe Nini?

Wahenga walituachia methali mbili ambazo, ukiziweka katika mizani moja, hazikai kwa amani. Ya kwanza yasema: mcheza kwao hutunzwa. Ya pili yasema: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ya kwanza inatuagiza tumtunze aliye wetu anapoingia uwanjani. Ya pili inatuonya kwamba sifa zetu hizo hizo zaweza kumharibu. Sasa basi, mtu wa kwetu akitengeneza kitu kizuri, kizuri kweli, lakini kisichofikia ukuu, tumwambie nini? Tupige makofi tunyamaze, au tuseme tulichokiona?

Swali hili laweza kuulizwa juu ya kitabu, juu ya kwaya, hata juu ya mahubiri ya Jumapili. Mimi nitaliuliza kutoka mahali ambapo watu wazima wengi hawapatazami, yaani michezo ya kompyuta, ambayo vijana wetu huiita gemu. Najua wako watakaotabasamu. Lakini jambo linalochukua saa nyingi za vijana wetu haliwezi kuwa dogo kiasi cha kutostahili kufikiriwa.

Pita jioni mitaa ya Kasulu mjini, au Kibondo karibu na soko, utakuta kibanda chenye runinga, vijana wawili wameshika pedi na wenzao wamesimama nyuma wakingoja zamu. Aghalabu wanacheza mpira. Majina wanayoyaita ni ya wachezaji wa Ulaya, na sauti ya mtangazaji ni ya Kiingereza. Kijana aliyezungumza Kiha na mama yake asubuhi, na Kiswahili na rafiki zake mchana, jioni huingia katika ulimwengu usiojua lugha yake hata moja. Wala halalamiki, maana amezoea.

Ndipo Aprili 2024 ukatoka mchezo uitwao Tales of Kenzera: Zau. Uliongozwa na Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, ambaye wapenzi wa gemu walikwisha kumfahamu kwa sauti yake ya Bayek katika Assassin's Creed Origins ya mwaka 2017. Alimpoteza baba yake mwaka 2013, na mchezo huu aliutengeneza kutokana na msiba huo. Na zaidi ya yote, mchezaji akitaka, wahusika wote husema Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho.

Mimi niliuona kwa mpwa wangu alipokuja Kasulu likizo na kompyuta yake. Yeye alicheza, mimi nikakaa kando nikitazama; baadaye nami nikashika pedi, ingawa vidole vya umri wangu haviendi na kasi ya mambo hayo. Kisa chenyewe ni hiki. Zau ni mganga kijana aliyefiwa na baba. Anamwita Kalunga, mungu wa mauti, na kumpa masharti: nitakuletea roho tatu kubwa zilizokukataa, nawe unirudishie baba yangu. Anakwenda safari hiyo akiwa na vinyago viwili alivyorithi kwa baba, kimoja cha jua na kingine cha mwezi; cha jua kina moto, cha mwezi kina barafu. Kila baada ya mwendo anakuta mbuyu, anakaa chini yake, na kusema yaliyo moyoni.

Ndugu msomaji, katika nchi hii ya juu ya Kigoma maneno hayo hayaanguki chini bure. Hapa Kasulu kuna kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita, na baadaye, kuanzia mwaka 2015, ikapokea Warundi kwa maelfu. Kibondo nako kuna Nduta. Wamo humo watu ambao makaburi ya baba zao yako ng'ambo ya ziwa au ng'ambo ya mpaka, na wengine hawajui kama kaburi lipo. Hata sisi wenyeji, mwanamume kwetu hafundishwi kulia. Hufundishwa kushika jembe kesho yake. Kijana akimsikia kijana mwenzake, kwa Kiswahili, akikiri kwamba amemkumbuka baba yake na kwamba ana hasira na mauti, amepewa kitu ambacho kibanda cha gemu hakijawahi kumpa. Mpwa wangu, ambaye naye alimzika baba yake, alinyamaza kwa muda pale chini ya mbuyu. Nami sikumsemesha.

Basi kwa nini nasema mchezo huu haukufikia ukuu? Wahakiki wengi wa ulimwenguni walisema hivyo pia: ni mzuri, unapendeza macho, kisa chake kina moyo, lakini haukufika kileleni. Wengi walitaja mapambano yanayojirudia. Mimi nadhani kasoro iko chini zaidi ya hapo. Zau anaposema, anasema habari ya msiba. Anapotenda, anaruka, anatupa moto, anatupa barafu, anapiga, kama mashujaa wa michezo mingi ya aina yake. Ukiondoa maneno yote, mikono ya mchezaji haitajua kwamba kuna baba aliyekufa. Moyo unaomboleza, na vidole viko kazini kwingine.

Na hapo ndipo mchezo unapotofautiana na kitabu au sinema. Kitabu husema kwa maneno, sinema kwa picha, bali mchezo husema kwa kile unachokifanya wewe mwenyewe. Mwaka 2013 ulitoka mchezo mfupi uitwao Brothers: A Tale of Two Sons, ulioongozwa na Josef Fares. Ndugu wawili wanatafuta maji ya uzima ya kumponya baba yao. Mkono wako wa kushoto humwongoza kaka, wa kulia humwongoza mdogo. Mdogo anaogopa maji, kwa hiyo penye mto hushikilia mgongo wa kaka yake. Kabla ya mwisho kaka anakufa. Mdogo anarudi peke yake, anafika kwenye maji, na hawezi kuvuka. Unahangaika na mkono wa kulia, haitoshi. Mpaka mkono wako wa kushoto, uliokaa bila kazi tangu kaka alipozikwa, ubonyeze tena pale ulipokuwa ukibonyeza kwa ajili yake. Ndipo mtoto anaogelea. Hakuna neno lililosemwa, kwa kuwa wahusika wake hawasemi lugha yoyote inayojulikana. Lakini mkono wako umejua maana ya kufiwa, na maana ya nguvu anayotuachia marehemu. Huo ndio ukuu ninaousema.

Hapa najua nitapingwa, na wapinzani wangu wana hoja.

Mmoja atasema: waliotengeneza Zau ni kampuni changa, na hii ilikuwa kazi yao ya kwanza, usiwapime kwa kipimo cha matajiri. Ni kweli, na kwa hilo wastahili heshima. Lakini ukuu haununuliwi kwa wingi wa watu. Hollow Knight ya mwaka 2017 ilitengenezwa na kikundi kidogo sana cha Australia, na leo inahesabiwa miongoni mwa michezo bora ya aina hiyo hiyo ya Zau. Uchache wa mali hueleza kasoro fulani. Hauzigeuzi kuwa sifa.

Mwingine atasema jambo zito zaidi. Mchezo huu ulishambuliwa kwa matusi ya kibaguzi hata kabla watu hawajaucheza, na mwaka 2024 Salim alilazimika kujitokeza hadharani kuyajibu. Julai mwaka huo huo kampuni yake, Surgent Studios, ikatangaza kupunguza wafanyakazi. Je, anayetaja kasoro wakati kama huo hajajiunga na watukanaji?

Nimelifikiri hilo sana. Mtukanaji na mkosoaji waweza kutamka neno moja, kwamba kitu hiki hakikufika, na bado wakawa mbali kama mashariki na magharibi. Mtukanaji hakutaka kitu kiwepo. Mkosoaji anakitaka kiwepo, na anataka kinachofuata kiwe bora. Tukiogopa kusema kweli kwa sababu adui anasikia, basi adui ndiye aliyeshika ulimi wetu, na yeye ndiye anayeamua tuseme nini juu ya kazi zetu wenyewe. Na kusifu kitu kwa sababu tu ni cha mtu mweusi, au kwa sababu tu kinasema Kiswahili, ni dharau iliyovaa nguo za heshima. Ni kumwambia mtengenezaji kwamba hatukumtarajia afike mbali zaidi.

Jirani yangu mmoja wa Kibondo hufuga nyuki. Mrina asali asiye na subira huvuna sega ambalo nyuki hawajalifunika kwa nta. Asali hiyo ni asali kweli, ni tamu, wala hakuna aliyeitia kitu. Ila bado ina maji mengi, na ikikaa huchacha. Jirani huyu akionja asali ya mwanafunzi wake hamwambii kwamba ni mbaya, maana angekuwa mwongo. Wala hamwambii kwamba ni bora, maana angekuwa mwongo vilevile. Humwambia: hii ni asali, lakini umeiwahi. Zau naiona hivyo. Uchungu uliomo ni wa kweli, umetoka katika ua halisi. Haukungojwa mpaka ukaingia mikononi.

Methali ile ya kwanza wengine huisema hutuzwa, wengine hutunzwa. Mimi naipenda hutunzwa, kwa sababu kutunza kwetu kuna maana mbili. Ni kumpa mchezaji ngoma zawadi pale pale uwanjani, na ni kukilinda kitu kisiharibike. Pesa na makofi hutimiza maana ya kwanza. Ya pili haitimizwi ila kwa kumwambia mchezaji kweli, kwa upole, na mtu anayempenda. Hapo naona zile methali mbili zinapatana: sifa inayotia maji tembo ni ile iliyotolewa bila kuonja.

Wala nisieleweke kwamba kizuri kisichokuwa kikuu ni hasara. Sehemu kubwa ya maisha yetu imebebwa na vitu vizuri visivyokuwa vikuu: walimu wazuri, barabara nzuri, mikate mizuri. Ukuu hatuna haki ya kumdai mtu kama deni, kwa sababu hata anayeutafuta kwa moyo wote huenda asiupate. Tunachoweza kudaiana ni juhudi kwa upande wa mtengenezaji, na ukweli kwa upande wetu. Kampuni ile haikufa. Mwaka 2025 ilitoa mchezo mwingine, Dead Take, wa namna tofauti kabisa.

Mpwa wangu aliumaliza mchezo wake siku ya tatu. Nilimwuliza ameuonaje. Alifikiri, akasema ni mzuri, ila angependa siku moja kutengeneza ule ambao mbuyu wenyewe ungekuwa mchezo. Nadhani huo ndio uhakiki bora nilioupata juu ya Zau, na Zau ndiye aliyemfundisha kuusema.